Nani Awasimamie Mawakili?



Mtu akimpelekea fundi baiskeli yake ikarekebishwe, na ikarudi ikiwa mbovu kama ilivyokwenda, hahitaji mtu wa kumwambia kwamba kazi haikufanywa. Ataipanda, mnyororo utakatika, naye atarudi kwa fundi kudai haki yake. Lakini mtu aendaye kwa wakili hana njia rahisi ya kujua. Karatasi zimeandikwa kwa Kiingereza cha sheria, siku ya kesi hupangwa kisha ikaahirishwa, na fedha hupita mikononi mwa wakili kabla ya kumfikia mwenyewe. Mkulima anayenunua ekari mbili za shamba huweka arubuni yake kwa wakili, ikae huko mpaka hati zitakapokuwa tayari. Mjane ambaye mumewe aligongwa na gari hapelekewi hundi ya bima nyumbani kwake. Hundi hiyo huandikwa kwa jina la wakili wake. Basi wakili ameshika vitu viwili vya mwenziwe kwa pamoja, yaani shauri lake na mali yake, na mwenye vitu hivyo hawezi kuona yanayotendeka ndani ya ofisi.

Mawakili walio wengi huifanya kazi hii kwa uaminifu. Lakini sheria haitungwi kwa ajili ya walio waaminifu peke yao, na kwa hiyo kila nchi yenye mawakili imelazimika kujibu swali hili: nani awaangalie?

Jibu la zamani lilikuwa kwamba mawakili wajiangalie wenyewe. Jibu hilo lilitoka Uingereza, na halikuwa la kipumbavu, ingawa siku hizi wako wanaolicheka. Lilikuwa na sababu mbili. Kwanza, ilidhaniwa kwamba kosa la wakili hulijua wakili mwenziwe, kama vile kosa la nahodha hujulikana na mabaharia. Pili, ambayo ni kubwa zaidi, wakili humtetea raia mbele ya Serikali. Na kama Serikali ndiyo yenye kumpa wakili ruhusa ya kufanya kazi na kumnyang'anya ipendapo, hakuna wakili atakayethubutu kumtetea mtu aliyekamatwa na Serikali hiyo.

Chama cha mawakili wa ofisini wa Uingereza na Wales, ndio wale wanaoandika mikataba na wasia na kushughulikia ununuzi wa nyumba, kilianzishwa mwaka 1825 na kupewa hati ya kifalme mwaka 1831. Mawakili wa mahakamani, wale wavaao nywele za bandia na kusema mbele ya majaji, walikuwa na mabaraza yao mbali. Kwa miaka mingi kila chama kilifanya kazi tatu katika nyumba moja: kiliwatetea mawakili wake, kiliwatungia kanuni, na kilipokea malalamiko ya watu waliodhulumiwa na mawakili hao hao. Mfano huo ulisafirishwa kwenda nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza. Katika Kenya, Chama cha Wanasheria kilisimamishwa kwa sheria ya mwaka 1949.

Ubaya wa mpango huu Waswahili waliujua kabla ya wataalamu kuuandikia vitabu, kwani walisema kesi ya nyani hakimu ngedere. Huko Uingereza malalamiko yaliongezeka mwaka hata mwaka, na barua za wateja zikakaa miezi mingi bila kujibiwa. Chama kilijaribu kutengeneza mambo. Mwaka 1986 kilifungua idara maalumu ya malalamiko. Mwaka 1996 idara hiyo ikavunjwa na nyingine yenye jina jipya ikawekwa mahali pake. Mwaka 2004 jina likabadilishwa tena. Mlango ulipakwa rangi mara tatu, lakini nyumba ilikuwa ni ile ile, na waliolipa mishahara ya wapokea malalamiko walikuwa ni mawakili wanaolalamikiwa. Mwishowe Serikali ikamteua kamishna wa kuyakagua malalamiko hayo yanavyoshughulikiwa, naye mwaka 2006 akakitoza Chama faini ya zaidi ya pauni 200,000 kwa sababu mpango wake wa kazi haukutosha. Yafaa mtu afikiri kidogo juu ya jambo hilo. Chama kilichowekwa kuwatia wengine adabu kimetiwa adabu chenyewe, mbele ya watu wote.

Lakini lililowachoma watu moyo hasa ni habari ya wachimbaji wa makaa ya mawe.

Watu waliofanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya Uingereza walivuta vumbi la makaa kwa miaka mingi, na wengi wakashikwa na maradhi ya kifua yasiyopona. Wengine walitumia mashine zenye kutetema mpaka vidole vyao vikawa vyeupe na kufa ganzi. Mwaka 1998 mahakama ziliamua kwamba shirika la makaa la Serikali lilikuwa na hatia, na Serikali ikaweka mpango wa kuwalipa fidia wachimbaji hao, au wajane wao kama wenyewe wamekwisha kufa. Zaidi ya watu 700,000 walidai. Mpango huo ulisema wazi kwamba ada ya wakili italipwa na Serikali, na mchimbaji apate fidia yake kamili.

Hata hivyo baadhi ya mawakili walikula pande mbili. Walipokea ada kutoka kwa Serikali, kisha wakakata sehemu nyingine katika fidia ya mgonjwa, ama kwa ajili yao wenyewe, ama kwa ajili ya madalali waliowaletea wateja. Mzee asiyeweza kupanda ngazi bila kutwetwa alitia sahihi karatasi asiyoielewa, naye akaona ni jambo la kawaida, kwa maana nani awezaye kujua kama wakili ana haki ya kukata au hana? Tena wako wachimbaji waliopata fidia ndogo kuliko ada aliyolipwa wakili kwa kuwaandikia madai. Wabunge wa sehemu zenye migodi walipiga kelele Bungeni. Mwaka 2008 Baraza la Nidhamu liliwafuta katika orodha ya mawakili wakuu wawili wa ofisi moja ya mji wa Doncaster, ambayo ilikuwa imepokea mamilioni mengi ya pauni katika kazi hiyo, na mawakili wa ofisi nyingine nao wakaadhibiwa. Fedha nyingi zilirudishwa. Lakini wazee wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Kabla ya mambo hayo kufikia mwisho, Serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kumwita mtu ayachunguze yote. Mwaka 2003 ilimteua David Clementi, ambaye hakuwa wakili. Alikuwa mtu wa fedha, aliyewahi kuwa Naibu Gavana wa Benki Kuu ya nchi hiyo. Kuchaguliwa kwake kulikuwa ni ujumbe, na mawakili waliuelewa. Alitoa taarifa yake mwezi wa Desemba mwaka 2004.

Clementi alikuwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ilikuwa kuwanyang'anya mawakili kazi yote ya usimamizi na kuitia mikononi mwa mamlaka moja mpya ya nchi nzima. Ya pili ilikuwa kuviacha vyama viendelee, ila juu yao iwekwe bodi ya kuvikagua. Yeye alishika njia ya pili, lakini akaiongezea sharti moja, na sharti hilo ndilo lililokuwa kiini cha mageuzi yote: kila chama kitenganishe kazi ya kuwatetea mawakili na kazi ya kuwasimamia. Anayewatetea asiwahukumu, na anayewahukumu asiwe na haja ya kura zao. Na malalamiko ya wateja yaondolewe kabisa katika vyama, yapelekwe kwenye ofisi moja iliyo huru.

Ubishi ulikuwa mkubwa, na si wote waliopinga walikuwa wakilinda matumbo yao. Majaji na mawakili wenye heshima waliuliza: bodi hiyo itateuliwa na nani? Ikiwa itateuliwa na waziri peke yake, basi waziri atakuwa amepata fimbo ya kuwapigia mawakili wanaomsumbua. Neno hilo lilisikiwa. Sheria ilipopitishwa mwezi wa Oktoba mwaka 2007, ilimtaka waziri ashauriane na Jaji Mkuu kabla ya kuwateua wajumbe wa Bodi, na ilitaka walio wengi katika Bodi hiyo wawe si mawakili.

Watu wa Kenya hawana haja ya kwenda mbali ili kuuelewa wasiwasi huo. Mwaka 1982 wakili John Khaminwa aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, baada ya kuwatetea watu waliokamatwa kwa sababu za siasa. Mwaka 1987 wakili Gibson Kamau Kuria naye alitiwa kizuizini, alipokuwa akitaka kuishtaki Serikali kwa niaba ya watu waliosema wameteswa. Serikali ya siku zile haikuhitaji bodi yoyote ili kuwanyamazisha, ilitumia polisi. Je, ingalikuwa na mamlaka ya kuwafuta katika orodha kwa sahihi ya waziri, nani angalibaki wa kusimama mahakamani? Kwa hiyo asemaye kwamba chama kisijihukumu chenyewe ni lazima aeleze, kwa pumzi ile ile, jinsi Serikali nayo itakavyozuiwa isikae katika kiti hicho.

Kwa mpango mpya wa Uingereza, Bodi ya Huduma za Sheria ilianza kutumia mamlaka yake kamili mwezi wa Januari mwaka 2010. Gharama zake hazitoki katika kodi ya wananchi, hulipwa na mawakili wenyewe. Chini yake ziko mamlaka za kusimamia mawakili, mbali na vyama vya kuwatetea: ile ya mawakili wa mahakamani ilianza mwaka 2006, na ile ya mawakili wa ofisini mwaka 2007. Na mwezi wa Oktoba mwaka 2010 ilifunguliwa ofisi ya Mwamuzi wa Malalamiko ya Sheria katika mji wa Birmingham.

Kazi ya Mwamuzi huyo ni rahisi kuielewa, na huenda ndiyo sehemu iliyomfaa zaidi mtu wa kawaida. Mteja mwenye lalamiko humwandikia kwanza wakili wake. Wakili akikaa majuma manane bila kumridhisha, mteja hupeleka habari kwa Mwamuzi, na halipi hata senti moja. Mwamuzi aweza kumwamuru wakili arudishe ada, atengeneze kazi aliyoiharibu, aombe radhi, au alipe fidia isiyozidi pauni 50,000. Mteja akiukubali uamuzi, wakili amefungwa nao. Asipoukubali, bado anaweza kwenda mahakamani. Lakini asikawie: tangu mwaka 2023, kwa kawaida malalamiko hupokelewa ndani ya mwaka mmoja tangu kosa lilipotendeka au tangu mteja alipopaswa kulitambua.

Je, mageuzi hayo yaliponya kila kidonda? Hayakuponya. Mwezi wa Oktoba mwaka 2023 ofisi kubwa ya mawakili ya London, iliyoitwa Axiom Ince, ilifungwa na mamlaka ya usimamizi baada ya kugunduliwa kwamba zaidi ya pauni milioni 60 za wateja hazimo katika akaunti zilimopaswa kuwamo. Wamo waliokuwa wameweka humo bei ya nyumba zao. Zaidi ya wafanyakazi 1,000 walipoteza kazi. Mwaka uliofuata Bodi ilitangaza uchunguzi uliofanywa na watu wa nje, nao ulisema kwamba mamlaka ya usimamizi haikutenda kwa namna iliyotosha, na kwamba ilikuwa na nafasi za kuchukua hatua mapema ikaziacha zipite. Ili kuujaza mfuko wa kuwalipa waliopoteza, mchango wa kila wakili wa ofisini uliongezwa kutoka pauni 30 mpaka pauni 90 kwa mwaka.

Wako waliosema kwamba habari hiyo ni ushahidi wa kuwa mageuzi ya mwaka 2007 hayakuwa na faida. Hivyo sivyo. Katika mpango wa zamani, chama kingalijichunguza chenyewe na taarifa ingalibaki kabatini. Safari hii msimamizi alikuwa na msimamizi wake, na kosa lake likatangazwa. Lakini ni kweli kwamba kutenganisha ofisi na kubadilisha wajumbe hakuhesabu fedha za mtu. Hesabu za wateja hulindwa na mkaguzi anayekwenda benki kuuliza, asiyeridhika na karatasi anayopewa na mwenye ofisi.

Sasa yafaa kutazama hali ya Kenya. Sheria ya Mawakili ya mwaka 1989 ilianzisha Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Makamishna wake huteuliwa na Rais, na kazi yake imewekwa katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tume hupokea lalamiko, humwandikia wakili ajibu, hujaribu kuwapatanisha, na ikiona kosa ni kubwa humshtaki wakili mbele ya Baraza la Nidhamu. Katika Baraza hilo wamo Mwanasheria Mkuu au aliyemtuma, pamoja na mawakili waliochaguliwa na wenzao. Baraza laweza kumwonya wakili, kumtoza faini, kumsimamisha kazi kwa muda usiozidi miaka 5, au kumfuta katika orodha. Naye asiyeridhika hukata rufani Mahakama Kuu.

Kwa hiyo Kenya ilikwisha kuuacha mtindo wa chama kupokea malalamiko peke yake miaka mingi kabla ya Clementi kuandika taarifa yake, jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Lakini mlango wa malalamiko uliwekwa katika nyumba ya Serikali, ambayo ndiyo mshtakiwa katika mashauri mengi wanayoyapigania mawakili. Na Chama chenyewe bado kina mabwana wawili. Sheria ya Chama cha Wanasheria ya mwaka 2014 inakiagiza kiwalinde na kuwasaidia wananchi katika mambo ya sheria, na katika kifungu hicho hicho inakiagiza kiwalinde na kuwasaidia mawakili. Siku nyingi mabwana hao wawili hutembea pamoja bila matata. Siku ambayo mjane anadai hundi yake na wakili anasema bado anapiga hesabu, hawawezi kutembea pamoja. Kama mageuzi yatafanywa, hapo ndipo pa kuanzia: ofisi ya malalamiko isiyo ya Chama wala ya Serikali, inayogharimiwa na mawakili, na yenye wajumbe wengi wasio mawakili, ambao wanajua maana ya kungoja fedha za ada ya shule au za matibabu.

Mpaka hapo yatakapofanywa, sheria iliyopo ndiyo ya kutumiwa, na wengi hawaitumii kwa kuwa hawaijui. Kila wakili wa Kenya ni lazima awe na cheti cha kufanya kazi cha mwaka ule, na jina lake laweza kutafutwa katika orodha ya Chama kabla ya mtu kumkabidhi hata shilingi moja. Kanuni za hesabu zinamtaka aweke fedha za wateja katika akaunti iliyo mbali na fedha zake mwenyewe. Mteja ana haki ya kuomba hesabu kwa maandishi, na wakili asiyetoa hesabu, au asiyejibu barua, amejipatia tayari sababu ya kulalamikiwa.

Anayetaka kulalamika na aanze kwa kumwandikia wakili mwenyewe, aeleze anachodai, na aweke nakala ya barua hiyo. Stakabadhi za fedha alizolipa azihifadhi, pamoja na namba ya kesi na kila karatasi aliyotia sahihi. Asipopata jibu, aiandikie Tume, aambatishe nakala na kubaki na karatasi za asili. Jambo moja huwachanganya wengi. Tume humshughulikia wakili, haishughulikii hukumu. Mtu aliyeshindwa kesi asitumaini kwamba Tume itaigeuza, kwani hiyo ni kazi ya mahakama ya rufani, na siku za kukata rufani huhesabiwa tangu hukumu ilipotolewa, hata kama barua yake ya malalamiko ingali njiani.